"Tasnifu utamaliza lini?": jibu langu kutoka Nairobi

Wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote habari za tangu video iliyopita. Leo nilikusudia kuwaonyesha safari ya Namanga, lakini kila nikifungua maoni nakuta swali lilelile limeandikwa na watu tofauti: dada, hiyo tasnifu ya uzamivu uliipangaje, na mbona huu ni mwaka wa nne hujaimaliza? Nikieleza nilikofika nitaambiwa najivuna, na nikieleza taabu nitaambiwa hakuna aliyenituma Kenya, basi ninyamaze. Wapo pia wanaouliza ni ughaibuni gani huu, wakati mtu anapanda basi Arusha asubuhi na mchana anakula Nairobi. Nakubali kwamba si mbali. Lakini mgeni ni mgeni hata akiwa nyumba ya pili, na foleni ya wageni katika ofisi za serikali haiulizi umesafiri kilomita ngapi.

Sitaeleza maana ya tasnifu wala sura zake, kwa sababu wanaouliza wengi wana shahada ya umahiri na walishaandika sura tano za aina hiyo. Ninachotaka kueleza ni kile ambacho mimi sikuelezwa: nilipanga kazi yangu kwa kufuata sura, kumbe ilipaswa kupangwa kwa kufuata vibali na fedha, halafu uandishi utafutiwe nafasi katikati ya hivyo viwili. Huo ni uzoefu wangu peke yangu. Mwenye ufadhili kamili au mwajiri anayemlipia ada atapanga kwa namna yake, wala asinifuate.

Nilipofika nilikuwa na mada pana mno, staha katika Kiswahili cha Afrika Mashariki. Nilipoiwasilisha mbele ya jopo la idara, mzee mmoja aliyekuwa kimya tangu mwanzo aliniuliza swali moja tu: "Afrika Mashariki ipi, na utaimaliza kwa nauli ya nani?" Watu walicheka, nami niliumia, lakini nilipofika chumbani nikakokotoa nauli na nikaona kwamba hakuwa anatania. Nikabaki na Nairobi na Dar es Salaam, yaani soko la Gikomba na soko la Kariakoo. Baadaye nikaiondoa Kariakoo pia, maana nchi mbili ni ruhusa mara mbili, kodi ya vyumba viwili na kalenda mbili za likizo. Mada iliyokubaliwa mwishowe ni hii: staha katika mapatano ya bei za nguo za mitumba sokoni Gikomba. Inaonekana ndogo, na ndugu yangu mmoja aliuliza kama kweli kuna udaktari wa kununua mashati. Upo, na umenilia miaka minne.

Sasa nije kwenye karatasi, ambako ndiko muda wangu ulikopotelea. Pendekezo la utafiti likishapitishwa na chuo, hapa Kenya huwezi kuingia uwanjani moja kwa moja. Kwanza unapeleka kazi kwenye kamati ya maadili iliyoidhinishwa, na kamati ikikukubalia ndipo unaomba leseni ya utafiti NACOSTI, tume ya sayansi, teknolojia na ubunifu iliyowekwa na sheria ya mwaka 2013. Leseni hiyo ni ya mwaka mmoja na huhuishwa. Ukishaipata unaelekezwa kujitambulisha kwa Kamishna wa Kaunti na kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti kabla ya kumhoji mtu yeyote. Sisi wageni tuna ruhusa ya ukaazi ya mwanafunzi juu ya hayo yote, nayo ina tarehe yake ya mwisho, ambayo haina habari na tarehe ya leseni. Kosa langu lilikuwa kuviona vitu hivi kama hatua za pembeni, hata katika ratiba ya pendekezo nikaviandikia wiki mbili. Mwaka wa masomo ulipoanza upya, nilikuwa bado sijamhoji hata mtu mmoja.

Na kucheleweshwa kwenyewe kulitokana na jambo dogo linaloniudhi mpaka leo. Cheti changu cha shahada ya kwanza kina majina mawili, na pasipoti ina matatu. Katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, mhudumu alivitazama akaniambia kwa sauti ya upole kabisa kwamba hao ni watu wawili. Nilikuwa nimesimama mbele yake, mtu mmoja. Nikarudi na hati ya kiapo kutoka kwa wakili, nikaambiwa kiapo kilitakiwa kitolewe nchini kwangu. Nikaagiza cha nyumbani, kikafika kimekosewa herufi moja ya jina la babu. Sisemi hivi kumlaumu mtu. Ninawaambia ninyi mnaojiandaa kuja mvikague vyeti vyenu kabla ya kukata tiketi.

Kuhusu fedha, wanaosema kwamba video hizi zinanilipia masomo wanafurahisha. Karatasi ya ada ya chuo ni ndefu, lakini yasiyoandikwa humo ndiyo yaliyonimaliza. Pendekezo langu lilikuwa na kurasa 48, na jopo lilitaka nakala 6, yaani kurasa 288. Kwa shilingi 5 za Kenya kwa kila ukurasa ni shilingi 1,440, kabla ya gharama ya kubana kurasa, na nililichapisha mara tatu kwa sababu ya masahihisho. Kwa kazi ya uwanjani nilitenga shilingi 60,000 nikatumia 143,000. Shilingi moja ya hapa ni karibu 20 za kwetu, kwa hiyo tofauti hiyo peke yake inapita milioni moja na nusu ya Tanzania. Ilikwenda wapi? Sehemu kubwa ilikwenda kwenye unukuzi. Saa moja ya mazungumzo ya Gikomba, yenye Kiswahili, Sheng (lugha ya mitaani ya Nairobi) na Kikikuyu ndani ya sentensi moja, ilinichukua saa saba kuiandika, na mengine sikuyasikia kabisa, ikabidi nimlipe kijana wa Eastleigh anayezijua lugha zote tatu anisaidie. Nilikuwa na saa 40 za rekodi. Pigeni hesabu wenyewe.

Hata rekodi za kwanza zilikuwa za kutupa. Nilikwenda asubuhi ya kufungua beli, yale tunayoita marobota kwetu, nikidhani ndipo penye mazungumzo mengi. Mazungumzo yalikuwepo, lakini juu yake kulikuwa na mikokoteni, mahubiri ya kipaza sauti na wateja wanaogombania kamera, maana hapa kamera ni zile nguo za daraja la kwanza zinazochaguliwa kabla ya nyingine. Ningefanya majaribio ya siku mbili kabla ya utafiti wenyewe ningeligundua hilo kwa gharama ya nauli tu.

Fomu za ridhaa zilinipa shida nyingine. Nilikuwa nimeahidi kwenye kamati ya maadili kwamba kila mtafitiwa angetia saini. Mfanyabiashara wa kwanza aliishika fomu, akaigeuza nyuma na mbele, akaniuliza kama ninatoka kwa kanjo, yaani askari wa kaunti. Wa pili alisema atazungumza nami hata mchana kutwa lakini jina lake lisiandikwe popote. Ilinibidi nirudi kwenye kamati kuomba ridhaa ya mdomo iliyorekodiwa ikubalike badala ya saini. Waliikubali, ila miezi miwili ilikuwa imepita.

Katika miezi hiyo ndipo nilipojifunza kuandika kabla ya kuwa na data. Sura ya mbinu za utafiti inaandikika wakati unasubiri kibali, kwa sababu unachoeleza ndicho unachokifanya kila siku, pamoja na kile kilichokataa. Kisa cha fomu, ambacho nilikuwa nikikilalamikia kwenye simu kila usiku, sasa ni kurasa nne za sura hiyo, na msimamizi wangu amesema ndizo zinazosomeka vizuri kuliko zote. Mapitio ya maandishi nayo nilikuwa nimeyarundika kama orodha, fulani alisema hiki, fulani akasema kile. Niliyafumua yote nilipojua swali langu ni lipi, na kazi nyingi nilizozisoma kwa jasho hazimo tena. Iliniuma kuzitoa.

Huwa naandika kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa moja, kabla jirani hajafungulia redio, na kiwango changu ni maneno 300. Siku nyingine nayapata kwa dakika arobaini, siku nyingine nayapata kisha nayafuta. Kwenye daftari la uwanjani ninaandika kila siku bila kujali kiwango, na sura ya nne imetoka humo. Niwasomee kidogo. Shati la mistari ya buluu, kola imekaa vizuri, kifungo kimoja hakipo. Mama aliyesimama mbele yangu aliuliza, "Hii ni ngapi?" akaambiwa mia mbili. Akaliacha. Nami nikasogea nikasema, "Kaka, samahani, naomba kuuliza bei ya hili shati." Muuzaji alinitazama, akatabasamu, akasema, "Madam, wewe ni mtu wa Tanzania. Hiyo ni mia tano." Ile "naomba" yangu ilinigharimu shilingi mia tatu, na ndiyo iliyonionyesha kwamba nadharia ya staha niliyokuja nayo, inayotarajia upole umlainishe msikilizaji, inahitaji maelezo ya ziada mahali ambapo upole unatambulisha ugeni. Hoja kuu ya tasnifu yangu ilianzia kwenye shati hilo. Ndiyo, nililinunua.

Kuhusu wasimamizi nitasema kwa tahadhari, kwa sababu wanatazama. Ninao wawili, wote wananitakia mema, na kuna wakati mmoja alitaka nifupishe sehemu ileile ambayo mwingine alitaka niirefushe. Sasa kila tukimaliza kikao ninawaandikia wote wawili barua pepe ya tuliyokubaliana, na kila rasimu ninayoirudisha ina jedwali lenye maoni yao, nilichokifanya na ukurasa kilipo. Pale nisipokubaliana nao ninaandika sababu. Tangu nianze hivyo hatujarudia ugomvi mmoja mara mbili.

Jambo la mwisho ni makala. Kanuni za vyuo vikuu hapa Kenya zinataka mtahiniwa wa uzamivu awe amechapisha makala mbili katika majarida yanayohakikiwa, kwa hiyo msingoje mpaka tasnifu ikamilike. Yangu ya kwanza ilitoka mwaka jana, nami nikafurahi, mpaka nilipopitisha sura ya nne kwenye programu ya kupima mfanano wa maandishi ikaniambia asilimia 31. Nilitetemeka. Niliyekuwa nimemwiga ni mimi mwenyewe. Nilikuwa nimehamisha aya nzima za makala hiyo bila kuitaja, na ilibidi niziandike upya na kujirejelea kama ninavyowarejelea wengine.

Kwa hiyo, ninamaliza lini? Sura ya nne imerudi juzi ikiwa na maoni 46, na mpaka jana usiku nilikuwa nimebakiza 19. Chuo changu kinataka taarifa ya miezi mitatu kabla ya kuwasilisha, nami nimekwishaijaza fomu hiyo isipokuwa tarehe. Leseni yangu ya utafiti inaisha mwezi ujao, na kesho asubuhi naanza kuomba kuihuisha, nikiwa na pasipoti, vyeti vyote na vile viapo viwili.