Noah Inakula Mafuta: Ipi, na Kwa Nini?

Ndugu wamiliki, ndugu madereva, na ninyi mafundi wenzangu mliojibanza kule nyuma kana kwamba hamhusiki, karibuni.

Karatasi za malalamiko mlizoandika mlangoni nimezisoma zote. Ukizikusanya, yanabaki mawili: "Noah inakula mafuta" na "Noah haitoki gereji." Ila hakuna karatasi hata moja iliyotaja ni Noah ipi, na bila hilo fundi anabaki kubahatisha kwa pesa yako.

Toyota Noah ni jina moja, lakini magari ninayozungumzia leo ni manne. Kuna ile ya zamani, SR40 na SR50, yenye injini ya 3S chini ya viti vya mbele, na SR40 inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Kuna AZR60, iliyotoka mwishoni mwa 2001, yenye injini ya 1AZ-FSE. Juu ya kifuniko chake utaona D-4. Kuna ZRR70 ya kuanzia 2007, yenye 3ZR. Na kuna ZRR80 ya kuanzia 2014, ambayo inapatikana pia kama haibridi. Voxy ni ndugu yake pacha tangu AZR60, kwa hiyo mwenye Voxy asinyanyue kidevu. Soma kibati cha kiwanda: namba ikiishia na 5 badala ya 0, yaani AZR65 au ZRR75, gari lako linavuta magurudumu yote manne. Lina uzito zaidi na lina difu ya nyuma ya kuzungusha, kwa hiyo usilipime na la jirani lenye namba 60 au 70. Kwa ile ya zamani, SR40 ndiyo ya magurudumu mawili na SR50 ndiyo ya manne.

Tuanze na mafuta.

Wengi mmenunua gari mkiwa mmesoma kwamba linakwenda karibu kilomita 14 kwa lita. Namba hiyo ya ZRR70 ilitoka kwenye kipimo cha Japani kiitwacho 10-15. Gari linawekwa juu ya rola ndani ya jengo, linaendeshwa kilomita 4 na ushee, mwendo wa juu kabisa ni kilomita 70 kwa saa, na uzito unaohesabiwa ni wa gari pamoja na watu wawili tu. Kiyoyozi kimezimwa. Hakuna Mlima Kitonga kwenye rola, wala gunia la mchele kwenye buti. Kipimo kilichofuata, JC08, ni kikali kidogo, lakini nacho ni cha rola. Sasa wewe pakia watu wanane wa kilo 65, umeongeza kilo 520 kwenye gari la tani moja na nusu na kidogo, halafu uwashe viyoyozi vyote viwili, cha mbele na cha nyuma.

Foleni nayo ina hesabu yake. Injini ya lita 2 ikiwa imesimama inanguruma tu, inachoma kama lita moja kwa saa. Ukiwasha kiyoyozi, zaidi ya hapo. Chukua safari ya kilomita 12 mjini ambayo dakika 40 zake umesimama. Mwendo wenyewe, kwa kilomita 10 kwa lita, umekula lita 1.2. Kusimama, kwa lita 1.2 kwa saa, kumekula lita 0.8. Jumla lita 2, maana yake kilomita 6 kwa lita, na gari halina ugonjwa wowote. Mwenye kupata 7 mpaka 9 mjini na 11 au 12 safarini kwa ZRR70 ya magurudumu mawili, arudi nyumbani akalale.

Lakini unapata ngapi kweli? Kuweka mafuta ya elfu ishirini halafu kusubiri taa iwake siyo kupima. Pima hivi: jaza tenki mpaka bomba la sheli likate lenyewe mara ya kwanza, usiruhusu kuongezwa. Andika kilomita. Tembea angalau 300. Rudi sheli ileile, pampu ileile, jaza mpaka ikate mara ya kwanza. Umetembea 348, zimeingia lita 41.2: gawanya, ni 8.4. Fanya mara tatu ndipo uamini. Na hiyo tabia ya kuishi na taa inawaka iacheni, kwa sababu pampu ya mafuta imo ndani ya tenki na inapozwa na mafuta yanayoizunguka. Ikizoea kukaa kavu, inakufa.

Kabla hujagawanya, tazama matairi. Saizi ya kiwanda ya nyingi kati ya hizi ni 195/65R15. Naona wengi mmeweka 205/70R15 ili gari liinuke. Tairi hilo ni kubwa kwa asilimia 5, kwa hiyo ukitembea kilomita 100 dashibodi inahesabu 95. Umejidhulumu kwenye hesabu, na umeipa injini mzigo wa kulizungusha. Upepo nao usiupime kwa teke. Kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva kimeandikwa kwa kPa. 230 ni sawa na 33 kwa kipimo cha mafundi wa pancha.

Sasa nikae kidogo kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, linamaliza mafuta ya Noah kuliko yote katika nchi zetu: thamostati iliyotolewa. Gari limechemsha, fundi anasema "nchi yetu ya joto, hiki kidude ni cha Wajapani," anakitoa na kukitupa. Gari linaacha kuchemsha kwa muda, na mwenye gari anashukuru.

Kidude hicho kinafungua maji yaende kwenye rejeta yakifika kama nyuzi 82. Bila hicho maji yanakwenda kwenye rejeta muda wote, na safarini injini inabaki kwenye 60 hivi. Kompyuta inadhani asubuhi haijaisha, inaendelea kumimina mafuta ya kuwashia injini baridi. Giaboksi nayo inachelewa kufunga lile sahani la ndani linalounganisha injini na gia moja kwa moja, kwa sababu limepangwa kusubiri joto. Petroli ya ziada inateleza kwenye kuta za silinda na kuosha oili. Hapo umepoteza mara tatu.

Namna ya kujua: chomeka kifaa cha kusoma kompyuta, tazama joto la maji ukiwa safarini, siyo ukiwa umesimama. Likikaa chini ya 75 barabara ikiwa tambarare, thamostati haipo au imekwama wazi. Ukinunua mpya, itundike kwa uzi kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, uone inaanza kufunguka kwenye 82 na imefunguka kabisa kabla ya 95. Wakati wa kuifunga, kale kapini kanakocheza kaangalie juu, ndiko hewa inakopitia.

Na kilichochemsha gari mwanzoni bado kipo. Tafuta feni isiyowaka kiyoyozi kikiwashwa, mapezi ya rejeta yaliyoziba kwa tope na wadudu, pampu ya maji inayovuja kwenye tundu lake la chini, au mfuniko wa rejeta uliochoka. Mfuniko wenye alama 108 kPa au 1.1 unashikilia msukumo unaofanya maji yachemke karibu na nyuzi 120. Arusha, kwenye mita 1,400, maji ya sufuriani yanachemka kwenye 95 tu. Kule mfuniko mbovu unaua injini haraka kuliko Tanga. Tumia kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Maji ya bomba yanakula alumini. Wenye SR40, mabomba yenu ni marefu kutoka rejeta mpaka chini ya viti: inueni pua ya gari mnapojaza, la sivyo hewa inabaki katikati na mtalaumu gasketi bure.

Twende AZR60, maana ndiyo yenye karatasi nyingi.

D-4 inarusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kwenye injini za kawaida petroli inapita juu ya valvu za kuingiza na kuziosha. Hapa hakuna kinachoziosha, huku mvuke wa oili na moshi unaorudishwa kwa valvu ya EGR ukipita hapohapo, hivyo masizi yanajengeka kwenye shingo za valvu. Dalili: inatetemeka ikiwa imesimama, inazimika ukikata mguu, inakosa nguvu, inatema moshi mweusi. Kusafisha throto peke yake kunasaidia wiki mbili. Kazi kamili ni kufungua manifoldi ya kuingiza hewa, kugeuza injini mpaka valvu za silinda unayosafisha zifunge kabisa, kukwangua na kunyonya uchafu, halafu silinda inayofuata. EGR isafishwe siku hiyohiyo.

Pampu yake ya msukumo mkubwa inazungushwa na kamshafti. Mpira wake ukichoka, petroli inavujia kwenye oili. Vuta dipstiki asubuhi: oili ikiwa juu ya alama na inanuka petroli, usiendeshe mpaka pampu ishughulikiwe. Injini hii haivumilii petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, kwa hiyo nunueni kwenye sheli mnayoiamini. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji ya Tanzania, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu hiyo ya uchakachuaji.

Kubwa zaidi ni boliti za silinda hedi. Bloku ni ya alumini, na kwenye injini za familia ya AZ za miaka hiyo nyuzi za bloku zinazoshika boliti, hasa za nyuma, zinaachia. Maji yanapungua bila kuonekana chini, kisha unaona mstari wa madoa makavu pale hedi inapokutana na bloku. Fundi anabadilisha gasketi, anapeleka hedi kusawazishwa, anafunga, na baada ya miezi mitatu mko palepale, maana boliti haina pa kung'ata. Dawa ni kutoboa matundu yote kumi na kuweka bushi za nyuzi za chuma, M11 kwa 1.5, kisha boliti mpya. Matundu yote kumi, siyo matatu yaliyoachia. Fundi akikwambia atazikaza "kwa mkono wa uzoefu," chukua funguo zako.

Giaboksi. AZR60 za kabla ya Agosti 2004 zina gia nne za kawaida na hutumia oili ya T-IV. Za baada ya hapo, na ZRR70 zote, zina CVT, yaani mkanda wa chuma kati ya puli mbili. Mkanda huo unaishi kwa msuguano ambao ni oili maalumu tu inayoutoa. Ukiweka oili nyekundu ya giaboksi ya kawaida, unateleza, unakwaruza puli, na vumbi la chuma linaziba valvu. TC na FE ni oili mbili tofauti za CVT, hazichanganywi. Fuata kitabu au maandishi ya giaboksi yenyewe. Ule mzaha wa "oili ya maisha" usahauni: kwa joto na mizigo ya huku, badilisha kila kilomita 40,000 mpaka 50,000. Ukifungua nati ya chini inatoka kama lita nne tu, nyingine inabaki ndani, kwa hiyo rudia baada ya kilomita elfu kadhaa. Safisha sumaku za sampo, yaani bakuli la oili la chini. Gari likitetemeka kati ya mwendo wa 20 na 40, au likivuma kama nyuki, anza na oili kabla hujakubali kununua giaboksi ya mtumba. Na likiharibika njiani, lisivutwe magurudumu ya mbele yakiwa chini.

ZRR70 ya 3ZR-FAE ina Valvematic, mfumo ambao Toyota iliutoa kwa mara ya kwanza kwenye gari hilihili mwaka 2007. Unanyanyua valvu kidogo au sana kwa mota ya umeme. Ukiona P1047 na injini inapiga kelele ya juu ikiwa imesimama, ni mota hiyo au kompyuta yake. Oili nzito ya 20W-50 haifai humo. Weka 0W-20 au 5W-30, na kila 5,000 ibadilishwe.

Plagi ni za iridiamu, mwanya milimita 1.1, msizipige nyundo wala kuzipiga msasa. Sensa ya hewa inapulizwa kwa dawa yake, haiguswi kwa kitambaa. Mlango wa kuteleza: osha reli ya chini kwa maji, kausha, puliza silikoni. Grisi inakusanya vumbi, rola zinakwama, mota inavuta mpaka kebo inakatika.

Pale nje kuna AZR60 ya fedha iliyolala hapo tangu jana, haijawashwa. Mwenye funguo anipe, na asiiwashe. Nataka tufungue mfuniko wa rejeta ikiwa baridi, tuvute dipstiki, kisha tuchomeke kifaa tuone inachukua dakika ngapi kufika 82.