Krapf hakufika Rabai peke yake

Wazee wetu wa Rabai, walimu, vijana, asanteni kwa kuja.

Makumbusho ya Krapf, yule mmisionari Mjerumani, hapa kwetu Rabai karibu na Mombasa, yamo ndani ya jengo la kanisa la mwanzo la misheni. Mgeni akishavuka mlango, amekwisha kuingia ndani ya kile alichokuja kukitazama. Ni bahati kubwa, ila kuta hizo zinaweza kumfanya mtu adhani kwamba mambo yote hapa yalianza na wamisionari.

Johann Ludwig Krapf alikuja Mombasa mwaka 1844 na barua ya Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, ya kuwataka maliwali wampokee vizuri. Mwezi Julai mkewe, Rosina, alifariki kwa homa siku chache baada ya kujifungua, na kitoto kikamfuata. Mwaka 1846 Krapf na mmisionari mwenzake, Johannes Rebmann, wakahamia Rabai, kwa idhini ya wazee wa kaya, makao matakatifu ya Warabai.

Hapo katikati pana jambo ambalo mimi ningelitengea kabati zima la maonyesho. Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, aliyekaa naye kumsaidia alikuwa Sheikh Ali bin Mueddin, kadhi wa Mombasa. Hebu wawazeni: padri Mjerumani na mwanachuoni wa Kiislamu wakipima neno kwa neno habari za Adamu na Nuhu, manabii ambao kila mmoja wao aliwajua tangu utotoni. Kiswahili wakati huo kilikuwa na karne kadhaa za maandishi kwa herufi za Kiarabu. Krapf akachagua za Kilatini. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka London mwaka 1882, yeye akiwa ameshafariki mwaka mmoja nyuma.

Tusimfiche pia alipokosea. Mila za wenyeji alizihukumu vikali, na mpango wake wa kupanga vituo vya misheni kutoka pwani hii hadi Afrika Magharibi haukungoja kuwauliza wenye nchi. Hayo nayo ni fikra zake, yawekwe peupe.

Ombi langu kwa wahifadhi ni hili. Picha ya Krapf ibaki. Pembeni yake pawe na habari za yule kadhi, za wazee waliotoa ardhi, na za Mringe, mlemavu wa viungo aliyekuwa wa kwanza kubatizwa hapa. Na maelezo yote yaandikwe kwa Kiswahili na Kirabai.