Defender inavuja oili kwenye drami ya breki ya mkono: tubadilishe sili ya transfa

Habari zenu. Leo nipo chini ya Defender 110, Tdi ya miaka ya 1990. Mwenyewe ana malalamiko mawili: gari likilala linaacha doa sakafuni, na breki ya mkono haishiki. Kwa Landrova hizi huo ni ugonjwa mmoja. Breki ya mkono haipo kwenye magurudumu, ipo kwenye drami hii hapa nyuma ya transfa (boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), propela ya nyuma, ile shafti ndefu ya kupeleka nguvu nyuma, inapoanzia. Sili, yaani mpira wa duara unaozuia oili isitoke pale shafti inapopita, ikichoka, oili inaingia ndani ya drami.

Sasa nisikilize vizuri. Ukishafungua propela hii, breki ya mkono haina kazi tena, na kuliacha gari kwenye gia hakutakusaidia. Tafuta sehemu tambarare, piga kabari mbele na nyuma ya matairi, ndiyo uingie chini.

Spana bado. Osha transfa yote kwa dizeli na brashi, futa, zunguka kilometa chache, rudi na tochi. Oili huteremka na upepo huisukuma nyuma, kwa hiyo tone linaponing'inia sipo linapotoka. Transfa hii, LT230, huvuja pia kwenye o-ringi ya shafti ya kati na kwenye gasketi ya kifuniko cha chini. Hii yetu imelowa ukingo wa drami tu.

Halafu kagua bomba la kupumulia, hili jembamba linalotokea juu. Livue, lipulize kwa mdomo. Likizibwa na matope, au nyigu wakijengea humo, hewa ya moto inakosa njia na inaisukuma oili ipite kwenye sili. Mimi niliwahi kubadilisha sili mara mbili kwenye gari moja kabla sijaliangalia bomba. Ya pili niliilipia mwenyewe.

Haya, tufungue. Anza na nati ya kujazia oili, siyo ya kumwagia. Ikigoma kufunguka, bora ujue transfa ikiwa bado imejaa. Ikikubali, mwaga oili.

Propela ina nati nne, spana ya 9/16, vipimo vya inchi. Ukilazimisha ya milimita 15 utakula kona za nati. Piga alama ya rangi kwenye propela na flenji (sahani ya chuma ya transfa inayofungwa na propela) ili virudi vilivyokuwa. Legeza marekebisho ya breki, toa skrubu mbili, drami inatoka. Katikati kuna nati ya milimita 30. Funga chuma kirefu kwenye flenji kiizuie isizunguke, kisha fungua.

Hapa naomba usogee karibu. Nyuma ya nati kuna washa ya chuma, na nyuma yake washa ya mpira. Huu mpira mafundi wengi wanaurudisha ule ule wa zamani. Ukikauka, oili inapita katikati ya meno ya shafti na kutokea kwenye nati, hata sili iwe mpya namna gani. Weka mpya.

Vuta flenji, ifute, pitisha ukucha pale sili inapokaa. Ukucha ukikwama, sili imeshachimba mfereji, na sili mpya itavuja vile vile. Nunua flenji nyingine au ivalishe bangili nyembamba ya chuma. Hii yetu iko laini, tunaendelea.

Pima sili ya zamani imezama kiasi gani, ndipo uing'oe kwa bisibisi bila kukwaruza nyumba yake. Mpya inaingia upande wenye springi ukitazama ndani, kwenye oili. Paka mdomo wake oili, igonge taratibu kwa kipande cha bomba pana kinachogusa ukingo wote, na usizidishe kile kipimo.

Rudisha flenji na nati mpya, kaza Nm 162. Breki shuu zilizolowa tupa. Ukiziosha kwa petroli zitaonekana kavu, zikipata moto oili inatoka tena.

Jaza oili ya gia, EP90, mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, kama lita 2.3, gari likiwa limekaa sawa. Funga, rudisha drami na propela, rekebisha breki.

Mimi nimelizungusha kilometa ishirini na mlima mmoja. Nimepitisha kidole chini ya drami, kikavu. Usiku huu linalala juu ya kadibodi safi, na mwenyewe halichukui mpaka niitazame asubuhi.