Njaa ya Tumboni, Unene wa Ukubwani

Mabibi na mabwana, tuanzie Uholanzi, mwishoni mwa 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea. Wafanyakazi wa reli waligoma mwezi Septemba, na Wajerumani walioikalia nchi wakalipiza kwa kuzuia chakula kisifike miji ya magharibi. Baridi nayo ikagandisha mifereji, mashua zikakwama. Mgao wa Amsterdam ukashuka hadi kati ya kalori 400 na 800 kwa siku. Mei 1945 nchi ikakombolewa, chakula kikarudi haraka.

Watafiti wanaipenda njaa hiyo, mniwie radhi kwa kusema hivyo, kwa sababu mwanzo na mwisho wake vinajulikana. Wavulana waliokuwa tumboni wakati ule walipofikia miaka 19 walipimwa kwa ajili ya jeshi, na matokeo yakachapishwa 1976. Wale ambao njaa iliwakuta katika nusu ya kwanza ya mimba walikuwa na unene uliopitiliza mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Lakini waliokutwa nayo miezi ya mwisho ya mimba na mara baada ya kuzaliwa, kwao unene ulikuwa nadra zaidi. Njaa ni ileile, miji ni ileile. Kilichotofautiana ni wakati.

Mnaosema unene ni ulafi tu, nielezeni: kijusi kina ulafi gani?

Mwaka 1992 Nicholas Hales na David Barker, wa Uingereza, walitoa maelezo ambayo bado naona yana nguvu. Mtoto asiyepata chakula cha kutosha tumboni huulinda ubongo kwanza. Wanaolipa gharama ni kongosho, ini na misuli. Chembe zinazotengeneza insulini, homoni inayodhibiti sukari kwenye damu, huwa chache. Figo nazo: vichujio vyake hukamilika karibu na kuzaliwa, na ukishazaliwa na vichache, ndivyo utakavyozeeka navyo. Mwili huo umejiandaa kuishi kwa kidogo. Ukikuta kidogo, unaweza kujimudu. Ukikuta shibe, kisukari cha aina ya pili na shinikizo la damu vinapata njia.

Msinielewe vibaya, simlaumu mama yeyote. Waholanzi wale hawakuchagua njaa. Na upande wa pili nao una hatari: mama mwenye sukari nyingi kwenye damu wakati wa ujauzito humpitishia mtoto sukari hiyo, naye huzaliwa mnene.

Baada ya kuzaliwa mlango haujafungwa. Uingereza iliondoa mgao wa sukari, uliowabana watu wale sukari kidogo, Septemba 1953. Utafiti uliochapishwa 2024 uliwalinganisha waliotungwa mimba kabla na baada ya hapo: waliokulia kwenye mgao, tangu tumboni, walikuwa na hatari ya kisukari pungufu kwa takriban asilimia 35.

Kuna mama ameniuliza pale mlangoni: mwanawe kazaliwa mdogo, amshindilie ili awafikie wenzake? Mama yangu, ni lazima aongezeke, tena vizuri. Ila miezi 6 ya kwanza ni maziwa yako tu, na ukianza kumlisha usitie sukari kwenye chakula chake. Maziwa ya kopo mpe ukiambiwa na mhudumu, si kwa kutaka mashavu. Na kliniki wasipime uzito peke yake, waambie wapime na urefu. Uzito ukipaa huku urefu umesimama, uliza kwa nini.