Kipindi cha michezo ni cha darasa zima

KULWA: Mwangaluka, wasikilizaji wetu wa Tabora mjini na mlioko Urambo, Sikonge, Nzega, Igunga, Kaliua na Uyui. Mimi ni Kulwa, mwalimu wa michezo, na nipo na Dada Mwajuma, mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo. Leo tunaongelea elimu ya michezo shuleni: ipo kwa ajili ya nini, na utimamu wa mwili unajengwaje.

MWAJUMA: Asante, Mwalimu. Naomba nianze na linaloniuma. Pita shule yoyote saa za michezo. Watoto 22 wako uwanjani na mpira mmoja, darasa lililobaki limekaa chini ya mwembe linatazama. Wale waliokaa, mnene, mwenye pumu, binti anayeona haya, ndio wanaokihitaji zaidi kipindi kile.

KULWA: Kabisa. Tumechanganya vitu viwili. Kuna mashindano, yaani UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, na hapa Tabora tulipokea ya kitaifa mwaka 2022. Yana thamani yake, vipaji vinaonekana pale. Lakini timu ya shule ni watoto wachache. Shule ikiwa na watoto 900, elimu ya michezo ni ya wote 900.

MWAJUMA: Sasa tuwaambie wazazi mtoto anapata nini pale.

KULWA: Anapata stadi za mwili kwanza: kukimbia vizuri, kuruka na kutua, kurusha, kudaka, kusimama kwa mizani. Hizi hufundishwa kama hesabu zinavyofundishwa, kwa hatua na kwa kurudia. Pili, anaujua mwili wake: kwa nini moyo unadunda, kwa nini anachoka, afanye nini ili kesho asichoke vile. Tatu, anajifunza kufuata kanuni na kucheza na mwenzake asiyempenda. Halafu kuna utimamu wenyewe.

MWAJUMA: Niongeze mifupa, maana huwa inasahaulika. Miaka ya balehe ndiyo mifupa inayojijenga kwa kasi kubwa, na kinachoichochea ni mtikisiko: kuruka kamba, kuruka vizingiti, kukimbia na kugeuka ghafla. Binti anayeruka kamba akiwa na miaka 12 anajiwekea mifupa atakayoitegemea akiwa na 60. Kwa hiyo mchezo wa rede wanaocheza mabinti uani, mama, usiuite upuuzi. Mle ndani kuna kukwepa, kuinama, kukimbia kwa kasi na kuitikia haraka.

KULWA: Na kiasi? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku za shughuli ya wastani hadi kali. Kati ya siku hizo, angalau tatu kwa wiki ziwe na shughuli kali na mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa.

MWAJUMA: Mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, au 75 hadi 150 za shughuli kali, pamoja na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi. Anayetembea kwa miguu kwenda sokoni na kurudi kwa mwendo wa haraka ameshapata sehemu yake.

KULWA: Utimamu wenyewe una sehemu tano zinazohusu afya: ustahimilivu wa moyo na mapafu, nguvu ya misuli, ustahimilivu wa misuli, unyumbufu wa viungo, na uwiano wa mafuta na misuli mwilini. Nguvu na ustahimilivu wa misuli watu huvichanganya. Kunyanyua gunia la mahindi mara moja ni nguvu. Kulima kutwa bila mikono kukataa ni ustahimilivu.

MWAJUMA: Ndiyo maana mkulima anaweza kuwa na mikono imara na bado akahema akikimbia mita 400. Kila sehemu inajengwa kwa zoezi lake.

KULWA: Tuje kwenye mchakamchaka. Shule zetu nyingi bado zinakimbia asubuhi, saa 12 na nusu hivi, huku watoto wanaimba. Kuna hekima pale ambayo walimu wengi hawaitumii.

MWAJUMA: Kuimba ndicho kipimo. Mtu anayekimbia huku anaimba bila kukatika pumzi yuko kwenye kazi nyepesi. Akiweza kuongea sentensi lakini kuimba hawezi, yuko kwenye kazi ya wastani. Akitoa maneno mawili matatu kisha ahema, hiyo ni kazi kali. Huhitaji saa wala mashine.

KULWA: Kwa hiyo mwalimu, watoto wakiimba vizuri dakika zote 15, umewapasha moto tu. Ongeza mwendo dakika moja mpaka wimbo ukatike wenyewe, kisha rudi polepole dakika mbili, wimbo urudi. Fanya hivyo mara nne, zimeisha dakika 12. Na wimbo ukikatika kwa wale wa nyuma peke yao, jua kasi inapangwa na wa mbele. Gawa makundi mawili kwa uwezo, msiwaburute.

MWAJUMA: Anayetaka namba apime mapigo ya moyo. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba. Gumba usilitumie kupimia, lina mapigo yake. Hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Kadirio la kiwango cha juu ni 220 toa umri. Mwanafunzi wa miaka 15 anapata 205, na asilimia 60 hadi 80 ya hapo ni mapigo 123 hadi 164 kwa dakika. Mtu wa miaka 45 ni 105 hadi 140. Hesabu hiyo ni kadirio, watu hutofautiana, na anayetumia baadhi ya dawa za presha mapigo yake hayapandi sana. Huyo atumie kipimo cha kuongea.

KULWA: Sasa walimu wananiuliza: nina dakika 40, watoto 60, mpira mmoja, nifanyeje? Jibu ni vituo. Gawa makundi 6 ya watoto 10. Cha kwanza kuruka kamba. Cha pili kuchuchumaa na kuinuka. Cha tatu pushapu. Cha nne kukimbia zigizaga kati ya mawe mita 10 kwenda na kurudi. Cha tano kurushiana na kudaka wawili wawili, mita 4. Cha sita kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu, tumbo limekazwa. Kila kituo sekunde 40 za kazi na 20 za kuhama. Mzunguko mmoja ni dakika 6. Mizunguko mitatu na pumziko la dakika moja katikati inakupa dakika 20.

MWAJUMA: Na 20 zilizobaki?

KULWA: Tatu za kukusanyika na kukagua uwanja, maana miiba na chupa zipo. Nane za kupasha moto. Sita za mchezo wa darasa zima. Tatu za kupoa.

MWAJUMA: Hapo kwenye kupasha moto. Bado naona watoto wamesimama baridi, wamekunja mguu nyuma, wanahesabu hadi kumi. Kabla ya kazi, mwili unataka kusogea: kimbia taratibu dakika tatu, kisha bembeza miguu mbele na nyuma, zungusha mabega, inua magoti juu, malizia na mbio fupi mbili za nusu kasi. Kule kunyoosha kwa kutulia kuweke mwishoni, sekunde 20 hadi 30 kila msuli, bila kudundadunda.

KULWA: Vifaa visiwe kisingizio. Mpira ni makaratasi ndani ya mfuko, unafungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Kamba ya katani inatosha. Kupima urefu wake, kanyaga katikati kwa mguu mmoja, ncha zifike kwapani. Ikiwa fupi mtoto anajikunja, ikiwa ndefu inamnasa miguuni.

MWAJUMA: Pushapu nazo. Kosa kubwa ni kiuno kushuka, mgongo unajikunja, maumivu yanahamia kiunoni. Viganja viwe wazi kuzidi mabega kidogo, mwili unyooke kutoka kisigino hadi kisogo, kifua kishuke hadi karibu na ardhi. Asiyeweza asiambiwe "jitahidi". Mpeleke ukutani. Akifikisha 15 safi, shuka kwenye dawati, kisha ardhini. Hapo amepanda ngazi halali.

KULWA: Na tafadhali, walimu wenzangu, tuache kuwaadhibu watoto kwa pushapu na mizunguko ya uwanja. Ukimkimbiza mtoto kwa sababu amechelewa, umemfundisha kwamba kukimbia ni mateso. Halafu jioni unataka akimbie kwa furaha?

MWAJUMA: Hilo nalisema kwa moyo wote.

KULWA: Upimaji. Kuna kipimo rahisi cha Kenneth Cooper, daktari wa Jeshi la Anga la Marekani, alichokitoa mwaka 1968: kimbia au tembea dakika 12, tupime umbali. Kama uwanja haujapimwa, chukua kamba ya mita 20 na upime mzunguko. Andika umbali wa kila mtoto mwanzo wa muhula na mwisho wake. Alama zitolewe kwa jinsi mtoto alivyojiongeza. Aliyetoka mita 1,300 hadi 1,600 amefanya kazi kubwa kuliko aliyebaki kwenye 2,400.

MWAJUMA: Na huwa wanaharibu wapi?

KULWA: Mzunguko wa kwanza. Wanatoka kama wanafukuzwa. Wanasikia mwanariadha wetu Filbert Bayi aliongoza tangu mwanzo kule Christchurch, New Zealand, mwaka 1974 na kuweka rekodi ya dunia ya mita 1500, dakika 3 na sekunde 32.2. Kweli aliongoza. Lakini mwili wake ulikuwa umezoezwa kubeba kasi ile. Mwanafunzi wetu akianza vile, misuli inadai oksijeni kuliko inayofika, na dakika ya nne anatembea. Nusu ya kwanza aende polepole kuliko anavyotamani.

MWAJUMA: Kichomi cha ubavuni nacho. Mara nyingi mtoto ametoka kunywa uji mwingi au maji mengi kwa mkupuo. Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga ni chakula kizuri cha nguvu, ila kula saa mbili kabla ya kukimbia. Kichomi kikishika, punguza mwendo, toa pumzi yote nje taratibu, bonyeza pale panapouma huku umeinama kidogo.

KULWA: Mtu mzima anayeanza leo?

MWAJUMA: Siku tatu kwa wiki, zisifuatane. Tembea haraka dakika 2, kimbia polepole dakika 1, rudia mara 8, jumla dakika 24. Ukimaliza wiki mbili bila maumivu ya goti wala ugoko, geuza iwe dakika 2 kwa 2. Maumivu ya ugoko huja kwa kuongeza umbali upesi, kwa sababu moyo huzoea mapema na mifupa hukawia. Mwenye presha, kisukari au maumivu ya kifua aonane na daktari kwanza.

KULWA: Usalama, kabla hatujafunga. Septemba na Oktoba jua la hapa ni kali. Kipindi kiwe kabla ya saa 4 asubuhi au baada ya saa 10 jioni, na maji yawepo uwanjani, wanywe kidogo kidogo.

MWAJUMA: Mtoto mwenye homa asikimbie hata kama anataka. Mwenye selimundu acheze kwa kiasi chake, anywe maji, apumzike anapotaka, na asilazimishwe mbio za kushindana wala kuloa mvua na baridi. Mwenye pumu apashe moto taratibu zaidi na dawa yake ya kuvuta iwe mkononi mwa mwalimu, isiwe imefungiwa ofisini. Binti aliye kwenye hedhi anaruhusiwa kucheza, akijisikia. Aamue mwenyewe bila kuulizwa mbele ya wavulana.

KULWA: Na mguu ukiteguka?

MWAJUMA: Asikandwe kwa maji ya moto, asichuliwe. Siku mbili za kwanza joto na kuchua huzidisha uvimbe. Apumzishe mguu, kitambaa chenye maji baridi dakika 15 kila baada ya saa mbili au tatu, afungwe bandeji isiyobana mpaka vidole vife ganzi, mguu uinuliwe juu ya mto. Akishindwa kupiga hatua nne, au mfupa wa kifundo ukiuma ukiubonyeza, apelekwe hospitali akapigwe picha.

KULWA: Asante, Dada Mwajuma. Kipindi kijacho tutaongea na walimu wenye wanafunzi wa viti mwendo na wasioona, jinsi ya kupanga vituo vile vile sita kwa ajili yao. Walimu, tayarisheni kengele ndani ya mpira wa makaratasi, tutauhitaji.