Uzito Omoni, Upana Tezini: Kuunda Roketi ya Mfano ya Kubuni

Wazee wangu, mabibi na mabwana, na nyinyi vijana mliokuja na madaftari, assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha siku yake ya uhuru, roketi ya Marekani iitwayo Scout ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilibeba setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Nalitaja hili kwa sababu kila kijana wa pwani anaponiambia kwamba roketi ni mambo ya watu wa mbali, humfungulia ramani nikamwonyesha Ngomeni. Roketi nitakayoizungumzia leo, hata hivyo, haimo katika historia yoyote. Ni chombo cha kubuni, cha hadithi za wakati ujao, ambacho fundi hukichora mwenyewe na kukiunda kwa kadibodi, mbao nyepesi na masalio ya vitu vya nyumbani, asinunue vipande vilivyokwisha kukatwa. Sharti langu ni moja tu, kwamba chombo hicho kiweze kuruka kweli, na sharti hilo ndilo litakaloamua kila pambo likae wapi.

Niruhusuni niazime maneno ya mabaharia wetu. Mbele ya roketi nitapaita omo, nyuma nitapaita tezi, na uzito unaotiwa makusudi ili chombo kitulie nitauita farumi, kama inavyoitwa katika jahazi.

Roketi ina vitovu viwili. Cha kwanza ni kitovu cha uzito, yaani pale ambapo ukiifunga uzi inaning'inia sawasawa bila kuinama. Cha pili ni kitovu cha msukumo wa hewa, pale ambapo nguvu zote za upepo unaoipiga ubavuni hukutana. Ili roketi iende kwa omo, kitovu cha uzito hakina budi kutangulia kile cha hewa kwa umbali usiopungua kipenyo kimoja cha mwili wake. Mwaka 1966 mhandisi James Barrowman alitoa hesabu za kukipata kitovu cha hewa kwa usahihi, lakini anayeanza anaweza kukata kivuli cha roketi yake katika kadibodi, mapezi na mapambo yote yakiwemo, kisha akakisawazisha juu ya ukingo wa rula. Jibu la kadibodi hukiweka kitovu hicho mbele kidogo kuliko kilivyo, na kosa hilo lina heri, kwa kuwa linatuzidishia tahadhari.

Roketi yangu ya kwanza ya kubuni ilikuwa na matundu manne makubwa ya moshi tezini, ya bandia, niliyoyaunda kwa vifuniko vya chupa za dawa na kuyajaza plasta ili yaonekane mazito. Yakawa mazito kweli. Niliifunga uzi penye kitovu cha uzito, nikaizungusha juu ya kichwa uani kwetu, Mji wa Kale wa Mombasa, kama ilivyo desturi ya kujaribu utulivu wa roketi, nayo ikazunguka tezi mbele, na kila nilipoigeuza ikarudi vilevile. Lau ingalirushwa, ingalipinduka angani na kuwaelekea watu. Nilisikitika, kwani kwa macho ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote nilizopata kuziunda.

Tuufanyie hesabu msiba huo. Chukueni roketi ya sentimita 60 yenye gramu 100 pamoja na injini, ambayo kitovu chake cha uzito kiko sentimita 35 kutoka omoni. Bandikeni tezini mapambo ya gramu 10 tu: kitovu kitarudi nyuma zaidi ya sentimita 2. Ili kukirudisha kilipokuwa, mtatia farumi ya udongo ndani ya pua, sentimita 3 kutoka ncha, na farumi hiyo itakaribia gramu 8. Pambo la gramu 10 limegharimu gramu 18. Sasa tazameni injini. Ile ndogo ya baruti iandikwayo C6-5, kwa jina lake, husukuma kwa wastani wa nyutoni 6, kisha husubiri sekunde 5 kabla ya kufukuza mwavuli wa kuiteremsha roketi. Tukishika kanuni kwamba msukumo uwe mara 5 ya uzito, roketi nzima pamoja na injini isizidi gramu 120 hivi. Yetu imefika 118.

Kutokana na hesabu hiyo nimejiwekea kanuni ninayoishika hadi leo: kilicho kizito kiende omoni kikiwa bapa, na kilicho kipana kiende tezini kikiwa chepesi. Mnara wa chuma ukiwekwa omoni huongeza uzito panapofaa, lakini ukitokeza sana kando hukivuta mbele kitovu cha hewa, na faida yote inapotea. Mabawa mapana ya tezini ni mapezi yaliyovaa sura nyingine. Yaachwe yatambe, mradi yawe ya balsa, mbao iliyo nyepesi sana, na nyuzi za mbao zifuate ukingo wa mbele ili yasivunjike. Matundu ya moshi hukunjwa kwa karatasi ya manila, ambayo ni tupu ndani na haina uzito wa kutajwa. Hata ule mrija mdogo unaoteleza kwenye fimbo ya kurushia, ambao wengi huuona kama dosari, ukizungushiwa vipete vya karatasi huwa bomba la mafuta. Na kila kitokezacho upande mmoja kipewe mwenzake upande wa pili, la sivyo hewa itaivuta roketi kwenda mrama.

Katika mapambo yenyewe, walimu wangu ni maseremala wa milango yetu ya zamani. Utazame mlango wa Mji wa Kale: fremu na mfaa vimejaa nakshi, minyororo na maua, ilhali ubao wa mlango mara nyingi umeachwa mtupu, jicho likapata pa kupumzika. Roketi iliyofunikwa vidude kuanzia omo hadi tezi haionekani kubwa, huonekana imechafuka. Kusanyeni vijiti vya meno, vipande vya mirija na visahani vya kadibodi penye maungio, kisha mwache nafasi pana isiyo na kitu. Ukubwa nao husemwa na kitu kidogo kuliko vyote. Mwili wa milimita 42 ukihesabiwa kwa kipimo cha 1 kwa 72 ni chombo chenye upana wa mita 3, na mlango wa mtu wa mita 2 utakuwa na milimita 28. Uchoreni mlango huo kwa penseli, pamoja na ngazi yake, na sentimita 60 zitageuka mita 43 machoni pa mtazamaji.

Rangi ya kupuliza hapa Mombasa inataka subira. Msiipulize wakati wa masika wala alfajiri penye unyevu, kwani hufanya ukungu mweupe. Ngojeni adhuhuri kavu, mpulizie kivulini, tabaka jembamba juu ya jembamba.

Kuhusu injini sitanii. Baruti nchini Kenya iko chini ya Sheria ya Vilipuzi. Injini ni ile iliyotoka kiwandani, asiijaze mtu nyumbani kwake, na pasipo kibali roketi ibaki kwenye uzi.

Rangi nayo ina uzito, na nyingi huishia kwenye mapezi, tezini. Kwa hiyo ikikauka, tieni ndani mwavuli na injini au uzito ulio sawa nayo, mfunge tena uzi ule ule, mzungushe. Hii iliyo mezani ilihitaji gramu 3 zaidi za farumi baada ya rangi. Karibuni muishike.