Jinsi ya Kupima Joto Linavyopanda Hewani Kutoka Ardhini

Karibuni, watazamaji. Leo tutapima joto la hewa katika vimo vitatu, ili mwone wenyewe kwamba mchana hewa hupashwa joto kutoka chini, na udongo uliopigwa na jua, kuliko inavyopashwa na miale inayopita ndani yake.

Chagueni uwanja mkavu usio na nyasi, siku ya jua kali na upepo mdogo. Simikeni fimbo ya mita 2, kisha fungeni vipimajoto vitatu: sentimita 5 kutoka ardhini, sentimita 50 na sentimita 150. Kila kimoja kiwekeeni kivuli cha kadibodi nyeupe, mkiacha pande wazi ili hewa ipite. Tafadhali msiiruke hatua hii, kwa kuwa kipimajoto kinachopigwa na jua hupata joto kuliko hewa inayokizunguka, na vipimo vyenu havitakuwa na maana.

Subirini dakika 10, kisha someni. Cha chini kitaonyesha joto kubwa zaidi, na kwa kawaida tofauti kati yake na cha kati huizidi ile iliyopo kati ya cha kati na cha juu. Hewa hupitisha joto kwa shida sana. Kwa hiyo tabaka jembamba linalogusa udongo ndilo linalopata moto kwanza, likatanuka, likawa jepesi kuliko hewa iliyo juu yake na kuinuka, huku hewa baridi ikishuka kushika nafasi yake.

Sasa fungeni uzi mwepesi kwenye fimbo na mtazame kwa utulivu. Utatikisika, utulie, kisha utikisike tena, kwa sababu hewa moto haipandi kwa mkondo mmoja usiokatika, bali kwa mafungu. Hili ndilo ninalopenda zaidi katika jaribio zima, kwani tai hutumia mafungu hayohayo kupaa bila kupiga mabawa. Fungu la hewa kavu likipanda hupoa takriban nyuzi 1 ya Selsiasi kila mita 100, kwa kuwa kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa, hupungua nalo hutanuka; huacha kuinuka likishakosa wepesi kuliko hewa inayolizunguka.

Rudieni vipimo kabla ya macheo, bila kuondoa kadibodi. Anga ikiwa safi na upepo umetulia, cha chini ndicho kitakachokuwa baridi zaidi, maana usiku ardhi hupoteza joto lake kwa mnururisho, yaani kwa kulitoa kama miale isiyoonekana kuelekea angani. Kukiwa na mawingu, ahirisheni hadi usiku mwingine, kwani mawingu hurudisha sehemu ya joto hilo ardhini na tofauti huwa ndogo mno kusomeka.